Pizza na pasta Shangani, Mtwara: kuleni vya baharini na korosho, pizza ya nyama iacheni

Wadau wa Ntwara kuchele, kila siku naona mtu anauliza wapi huku kusini atapata pizza ya maana bila kupanda basi mpaka Dar. Ipo. Iko Shangani, ile nyumba ya zamani yenye kibaraza kirefu na mwembe mbele, unaacha barabara kubwa unashuka kama unaenda baharini, mwambie tu wa bajaji akupeleke kwa wale wa pizza ya kuni atakufikisha. Sio hoteli na sio sehemu ya kujipamba sana, ni nyumba ya kawaida wameweka meza za mbao na viti vya plastiki, uani kuna tanuri la tofali na udongo unaliona kutoka ulipokaa, watoto wanakimbia chini ya mwembe na hakuna anayewakaripia. Nimekula pale na familia, nimekula na wenzangu wa kazini, nimekula peke yangu pia, kwa hiyo nitayasema mazuri na mabaya yote.

Kitu kimoja nataka mtu akijue kabla hajatoka nyumbani, pale usiagize kama ungeagiza Dar. Jiko lile nguvu yake ni vitu vya huku huku, kamba, pweza, ngisi, korosho, nyanya za bustanini, hapo wanapika vizuri kupita sehemu nyingi nilizokula hata za mjini. Ukienda kutafuta soseji na nyama ya kusaga na mayonezi utalipa hela nyingi afu utarudi nyumbani unasema cha kawaida, na hapo utakuwa umewaonea.

Mpishi ni kijana wa Newala, amekaa miaka kwenye mahoteli ya Kiwengwa kule Zanzibar, na Kiwengwa kila anayeijua anajua Waitaliano wamejaa, ndo alikojifunzia. Alivyorudi nyumbani akafungua na mke wake. Sasa huyu mke ndo anakaa kaunta na ndo anaenda feri asubuhi kununua samaki, nimemkuta kule mwenyewe anabishana bei, anabonyeza samaki, anafunua mashavu aone kama bado mekundu. Huku kwetu tunajua kwa nini mtu anabonyeza, miaka ile baruti zinalia baharini ukinunua samaki wa baruti ukifika nyumbani nyama imelegea, mifupa imevunjika vunjika. Dada yule halegei na mimi nampenda kwa hilo.

Tuanze na pizza mana ndo wengi mnaifuata. Wanachoma kwa kuni za mkorosho, ile mikorosho iliyozeeka inayokatwa mashambani, moto unawashwa mchana ili jioni wateja wakija sakafu ya tanuri iwe imeshika joto. Pizza ya Napoli, ule mji wa Italia wenye sifa ya pizza, inataka joto la zaidi ya nyuzi 400, inaiva kwa dakika moja, moja na nusu, chini inapigwa na tofali, juu inapigwa na mwali unaozunguka kwenye kuba, ndo mana ule ukingo unavimba na kutoa madoa meusi meusi. Watu wakiona yale madoa wanarudisha wanasema imeungua. Haijaungua jamani, ndo inavyotakiwa kuwa. Mwaka 2017 UNESCO waliuingiza ufundi wa hawa wachoma pizza wa Napoli kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, ni kazi ya mikono ya kujivunia kama ilivyo kwetu kuchonga vinyago vya Kimakonde, kwa hiyo mtu akiifanya vizuri hapa Mtwara mimi naona apewe heshima yake.

Unga nao wanaujua. Joto la huku la Novemba na Desemba ukiacha unga wa ngano nje na hamira nyingi ndani ya masaa mawili ushapitiliza, unanuka uchachu na ukichoma unatoka mgumu, pale wanatia hamira kidogo sana afu unalala kwenye friji mpaka kesho yake, nimeona vidonge vya unga vimepangwa kwenye trei vimefunikwa. Ndo mana ukimaliza pizza nzima hausikii lile tumbo la kujaa kama umekula maandazi kumi. Margherita yao ni 14,000, nyanya, jibini na majani ya rehani basi, na hiyo ndo ya kuagiza kama hujawahi kwenda, mana pizza yenye vitu vitatu haina pa kujificha, unga ukiwa mbaya utajua na nyanya zikiwa za kopo utajua. Zao ni nyanya mbivu wanaponda kwa mkono, hawapiki sosi kwanza, inapikika humo humo kwenye tanuri.

Jibini hapa ndo mtihani wa kila anayetaka kupika vya Kiitaliano kusini. Ng'ombe wa maziwa huku wachache, toka zamani mbung'o walitusumbua, kwa hiyo jibini inatoka Njombe ambako kuna kiwanda cha maziwa ambacho Waitaliano walisaidia kukianzisha, inashuka Songea, Tunduru, Masasi mpaka hapa kwenye boksi la barafu. Wenye umri wanaikumbuka ile barabara ya Tunduru masika, magari yanalala njiani siku kadhaa, isingewezekana kabisa. Sasa lami ipo na inafika. Ila kuna siku haifiki, na siku hiyo wanakwambia kabisa kwamba leo pizza hakuna njoo ule pasta. Kuna watu wanakasirika wakiambiwa hivyo, mimi nafurahi, mana sehemu nyingine nimeshawahi kuwekewa kitu cheupe kinavutika kama mpira na kwenye menyu kimeandikwa mozzarella, ile jibini laini ya Kiitaliano ya pizza.

Sasa ile pizza ya mchanganyiko ya 22,000. Nyama ya kusaga, soseji, hoho, mahindi, jibini mara mbili. Unga ule mwembamba hauwezi kubeba mzigo wote huo, katikati inalowa, ukinyanyua kipande kinajikunja vitu vyote vinamwagikia sahani, na soseji zenyewe ni zile zile za kwenye chips. Najua ipo kwa sababu wateja wanaitaka, mtu anaona kwa hela hiyo lazima aone nyama. Lakini kwa 22,000 hiyo hiyo kuna kitu pale mezani kitakufanya ukumbuke wiki nzima, nacho ni pweza.

Pweza hayupo kila siku na ndo vizuri. Wanapika kipindi cha bamvua, maji yanapokauka sana mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, akina mama wanatembea kwenye miamba na vyuma vyao wanachokonoa mashimo, ndo pweza wanakuwa wengi na wabichi kabisa. Huyu mpishi anampika kama wanavyompika Napoli, anamweka kwenye sufuria zito na kitunguu swaumu, nyanya, zeituni nyeusi na pilipili kidogo, anafunika, moto mdogo, hatii maji hata tone, pweza anatoa maji yake mwenyewe na anaivia humo. Masaa yanapita. Analetwa kwenye bakuli la udongo bado anachemka pembeni, mchuzi umekuwa mzito rangi ya damu ya mzee, ukimgusa na uma anaachia lakini hajawa laini wa kupotea mdomoni, bado unamtafuna. Pembeni unapewa mkate uliochomwa kwenye tanuri lile lile. Sisi wa pwani tumezoea pweza wa nazi, na wa supu jioni, na hao wote nawaheshimu, lakini huyu ni wa kwenda kumla. Nilikaa na lile bakuli kimya mpaka mwenzangu akaniuliza kama nina tatizo.

Na korosho. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Wana pasta ya kijani, pesto, ambayo kule Genoa, Italia, inatwangwa kwa rehani, kitunguu swaumu, chumvi, jibini ya kukwangua, mafuta ya zeituni na mbegu za misonobari. Hizo mbegu ni ghali hata huko kwao, ndo mana ukisoma karatasi kwenye chupa nyingi za pesto za madukani Ulaya utakuta wameweka korosho badala yake. Korosho! Sisi mkoa mzima tunaishi kwa korosho, kuanzia Oktoba habari ni minada na AMCOS, vile vyama vya ushirika vya wakulima, na bei ya kilo, afu sehemu kubwa inapakiwa ghafi inaenda India na Vietnam kubanguliwa huko, na sisi wenyewe matumizi tunayoyajua ni kukaanga na chumvi na kuuza stendi kwenye vifuko. Huyu dada anachukua korosho nyeupe kwa akina mama wanaobangua mtaani, rehani anapanda mwenyewe pembeni ya kisima, mnaona miche imejipanga pale ukienda kunawa, na wanatwanga kwenye kinu, sio blenda, nimeuliza wakaniambia blenda inapasha majani joto yanageuka meusi na uchungu. Ukiifunua ile sahani harufu ya rehani inakuja kwanza, afu mdomoni korosho inaleta ule utamu na ulaini bila kuwa na mafuta mengi. 13,000. Mimi sijui pesto yenye ile misonobari ikoje, lakini hii ningemlisha mgeni yeyote anayekuja Mtwara na ningemwambia kwa kujidai kabisa kwamba hii ni yetu.

Spageti za kamba 20,000. Vichwa vya kamba hawatupi, wanavikaanga na kuvichemsha, ile supu ya rangi ya chungwa ndo wanamalizia nayo pasta kwenye kikaango, kwa hiyo ladha ya kamba iko mpaka ndani ya tambi zenyewe. Ukiomba jibini ya kunyunyizia juu watakuletea lakini watakwambia kwa upole kwamba Waitaliano kwenye vya baharini kwa kawaida hawaweki, na kiukweli haihitaji.

Kuhusu pasta kuwa ngumu, najua ndo lalamiko kubwa la watu. Nilienda na mama mkwe, yeye ni mtu wa Mikindani, tambi anazozijua ni za futari, nazi, sukari na hiliki, zimelainika. Kaonja hizi za kamba, akaweka uma chini akaniambia, "Mwanangu, hizi bado hazijaiva." Kijana wa kuhudumia alikuwa karibu akasikia, akaja akainama, "Samahani bibi, wenyewe wanazila zikiwa na kiini hivi, lakini nipe dakika chache nikakuchemshie zingine zilainike." Hakubishana, hakuanza kumfundisha mtu mzima namna ya kula. Zikarudi laini, kamba wale wale wazima, na kwenye bili hakikuongezeka kitu. Mama alizimaliza na akaomba kipande cha mkate afute mchuzi uliobaki kwenye sahani, na yule kijana akafurahi akasema ndo wanavyofanya Waitaliano wenyewe. Kwa hiyo wewe kama unapenda laini sema wakati unaagiza, hakuna atakayekushangaa.

Kwa Waislamu wenzangu wanaouliza, nguruwe hawapiki kabisa, niliuliza kaunta na jikoni, na pombe hawauzi, kuna juisi ya ukwaju, ya embe msimu wake, soda na maji. Tiramisu, ile keki ya kahawa, huko kwao wengine wanatia mvinyo au pombe kali kidogo, hawa hawatii, ni kahawa tupu, mayai, sukari na jibini laini. Ila na hapa kuna neno langu. Kwenye menyu wameandika carbonara, na kinacholetwa ni krimu na vipande vya nyama ya ng'ombe iliyokaushwa. Carbonara ya Roma ni kiini cha yai, jibini ya maziwa ya kondoo, pilipili manga na nyama ya shavu la nguruwe, krimu haimo. Kutoweka nguruwe ni sawa kabisa, ni heshima kwetu, lakini basi ipeni jina lingine, pasta ya krimu na nyama, mana yenyewe sio mbaya, tatizo anayeijua anakuja na hamu yake anapewa kitu kingine. Watu wanaochambua samaki vile wasikubali menyu yao iseme uongo hata kidogo.

Huduma. Wahudumu wana adabu, wanasalimia, wanakumbuka sura yako. Lakini Jumamosi ni shughuli. Tanuri lina nafasi ya pizza tatu kwa wakati, mpishi mmoja, msaidizi mmoja, meza zote zimejaa, utakaa karibu saa nzima na njaa yako na kibaya hawakwambii mapema, unaagiza wanaitikia ndio ndio afu unaanza kuangalia mlango wa jiko. Semeni tu ukweli kwamba leo itachukua muda, mtu mwenye watoto ataagiza mkate wa kitunguu swaumu wa 4,000 awatulize. Saladi sio ya kuagiza, ni kabichi na karoti na vinega kwa 8,000, kachumbari ya nyumbani inaipita mbali. Umeme ukikatika jenereta linawashwa lakini kuna jioni friji lilikaa muda bila umeme na tiramisu ikaja imelainika inamwagika kwenye kikombe, niliirudisha, waliipokea bila maneno na hawakuniandikia. Mbu kuanzia magharibi wapo, ile rehani pembeni ya kisima haiwafukuzi, vaeni nguo ndefu.

Lasagna, ile pasta bapa ya kupangwa tabaka na mchuzi, ni Jumamosi tu na inaisha kabla ya saa mbili usiku. Ni nzuri, mchuzi wa nyama umepikwa taratibu mpaka mafuta yamejitenga, tabaka zinaonekana ukikata, juu imeshika rangi kwenye tanuri. Nyama waliyoshindwa kwenye pizza humu wameiweza kabisa.

Kahawa msiondoke bila kunywa. Wanatumia ya Mbinga, wana ile mashine ndogo ya kuweka kwenye moto, sio mashine kubwa ya hotelini, inatoka nzito na chungu kwenye kikombe kidogo. Sisi tuliokulia kwenye kahawa ya mabaraza na kashata hatuhitaji kuzoeshwa kikombe kidogo. 2,000 tu.

Kuhusu bei najua kuna mtu atasema kwa 20,000 ananunua samaki mzima feri na unga wa ugali na mafuta na anabaki na chenji. Ni kweli na mimi hiyo siku nyingi ndo ninayofanya. Hapa unalipia jibini iliyosafiri toka Njombe, unga wa siku mbili, mafuta ya zeituni ambayo yanatoka nje na bei yake mnaijua. Sahani za pasta zinashibisha mtu mmoja vizuri, pizza moja na pasta moja zinatosha watu watatu wasio na njaa kali, sisi watu wanne na watoto wawili huwa tunatoka kwenye 60,000 na vinywaji. Malipo ni taslimu au lipa namba ya simu, kadi hawapokei.

Wanafungua Jumanne mpaka Jumapili kuanzia saa kumi jioni, Jumatatu wamefunga. Kama mko zaidi ya watu sita pigeni simu mapema, na mkipiga ulizeni hapo hapo pweza yupo na jibini imefika. Meza iliyo karibu na tanuri watoto wanaipenda kuangalia moto lakini moshi unageukia huko upepo ukibadilika, ombeni ya kibarazani upande wa kushoto. Bajaji baada ya saa nne usiku ni za kubahatisha mtaa ule, dada wa kaunta ana namba za madereva wawili atakuitia ukimwambia wakati unalipa. Na dada, kama unasoma hapa, naomba ile lasagna iwepo na Jumatano.